Beijerinck: Mtu aliyemtoa rafiki wa mkulima ndani ya mizizi

Katika shamba la majaribio huko Hada al-Sham, nje ya mji wa Jeddah, majani ya malisho ya alfalfa yalimwagiliwa maji ya chumvi, na bado yakatoa mavuno mazuri kuliko wenzake.

Siri ilikuwa bakteria aliyepewa jina la SA187, aliyetolewa katika vinundu vya mizizi ya mmea wa jangwani. Matokeo hayo, yaliyohusisha Chuo Kikuu cha KAUST kilichopo Thuwal, pwani ya Bahari ya Sham, yalichapishwa mwaka 2018.

Lakini aliyefungua kwanza vinundu vya namna hiyo na kumtoa bakteria aliyemo hakuwa mtu wa jangwani. Ni Martinus Willem Beijerinck wa Uholanzi.

Alizaliwa Amsterdam tarehe 16 Machi 1851. Baba yake alikuwa mfanyabiashara mdogo wa tumbaku aliyefilisika. Kijana alipata shahada ya udaktari Leiden mwaka 1877, akafundisha katika shule ya kilimo ya Wageningen, na mwaka 1885 akaajiriwa na kiwanda cha hamira na pombe kali mjini Delft.

Zama hizo vijidudu vilijulikana zaidi kwa mauti. Robert Koch alikuwa ametangaza bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882, na kipindupindu kilichowaua mahujaji mjini Makka mwaka 1865 kilikuwa hakijasahaulika. Hata vinundu vya mizizi wataalamu kadhaa walividhania kuwa ugonjwa.

Bibi zetu waliochanganya kunde na mahindi katika shamba moja walijua kwa mazoea kuwa ardhi hunufaika. Sababu yake ilionyeshwa na Wajerumani Hellriegel na Wilfarth mwaka 1886: mimea ya jamii ya kunde yenye vinundu hujipatia naitrojeni ya hewani.

Ni nani anayeifanya kazi hiyo? Mwaka 1888 Beijerinck, akiwa bado mwajiriwa wa kiwanda, alimtenga bakteria wa vinundu na kumwotesha peke yake katika maabara. Mmea humpa bakteria huyo sukari, naye huulipa naitrojeni.

Biashara haikuchelewa. Mwaka 1896 bakteria hao walianza kuuzwa kwa wakulima nchini Ujerumani.

Nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Nairobi kilitayarisha unga wa bakteria uliokuja kuuzwa kwa jina la Biofix. Mkulima huzilowesha mbegu kwa maji ya gundi, akazichanganya na unga huo kivulini na kuzipanda bila kukawia, kwani jua kali huwaua bakteria. Tena achague vyema, maana bakteria wa maharage si wa soya. Mbolea ya chumvichumvi ilipopanda bei duniani mwaka 2022, unga huo haukuwa tena jambo la maabara tu.

Beijerinck hakuishia hapo. Mwaka 1898, akichunguza ugonjwa wa majani ya tumbaku, zao lililomfilisi baba yake, alieleza kuwa kisababishi chake si bakteria bali ni kitu kinachopita hata kwenye chujio la kuwazuia bakteria. Ndicho tunachokiita leo kirusi. Mwaka 1901 alilipa jina la Lactobacillus kundi la bakteria wanaogandisha maziwa. Anayekunywa mtindi asubuhi anawajua kwa ladha.

Alikuwa mgumu wa kuishi naye. Aliwakaripia wanafunzi, aliamini kuwa ndoa haipatani na sayansi, na hakuoa. Pengine ndiyo sababu jina lake halikuvuma kama la Koch au Pasteur, ingawa kwa mkulima deni lake si dogo.

Alistaafu uprofesa wa Delft mwaka 1921, akahamia kijiji cha Gorssel pamoja na dada zake, akiendelea kuichunguza mimea. Huko ndiko alikofariki tarehe 1 Januari 1931.