Robert Wangila, bondia aliyekataa kusalimu amri

Kenya ilirejea kutoka Michezo ya Olimpiki ya Seoul, Korea Kusini, mwaka wa 1988 ikiwa na medali tano za dhahabu. Nne zilitokana na mbio. Ya tano ilipatikana ulingoni, kwa makonde ya kijana mwenye umri wa miaka 21, marehemu Robert Napunyi Wangila.

Wangila alizaliwa Nairobi mnamo Septemba 3, 1967, wakati ndondi za Kenya zilipokuwa zikianza kujijengea jina. Mwaka mmoja baadaye, Philip Waruinge alitwaa shaba jijini Mexico, kisha akanyakua fedha jijini Munich mwaka wa 1972. Lakini Kenya ilisusia Olimpiki za 1976 na 1980, na dhahabu ya ndondi ikabaki ndoto.

Ndoto hiyo ilitimia Seoul. Katika fainali ya uzani wa welter, Wangila alikutana na Mfaransa Laurent Boudouani, ambaye miaka ya baadaye angekuwa bingwa wa dunia katika ndondi za kulipwa. Wangila hakusubiri hesabu ya pointi. Alimwangusha mpinzani wake katika raundi ya pili. Hadi leo hakuna bondia mwingine wa Kenya aliyepata dhahabu ya Olimpiki.

Baada ya ushindi huo alihamia Marekani na kujiunga na ndondi za kulipwa. Usiku wa Julai 22, 1994, jijini Las Vegas, alipambana na David Gonzalez. Katika raundi ya tisa refa alilikatiza pigano baada ya kuona Mkenya huyo amezidiwa. Wangila alilalamikia uamuzi huo, akiamini kuwa bado angeweza kuendelea. Muda mfupi baadaye alizirai katika chumba cha kubadilishia nguo. Aliaga dunia Julai 24, akiwa na umri wa miaka 26.

Moyo wa namna hiyo hutoka wapi? Wahenga walinena kuwa mwana wa nyoka ni nyoka. Wanasayansi waliolinganisha mapacha wanaofanana kabisa na wale wasiofanana wamebainisha kuwa takriban asilimia 40 hadi 50 ya tofauti za tabia baina ya watu huhusishwa na urithi. Kiasi kinachosalia hutokana na malezi, mazingira na mambo yanayompata mtu maishani.

Mnamo 1993, mwaka mmoja kabla ya kifo cha Wangila, watafiti nchini Uholanzi waliripoti hitilafu ya jeni iitwayo MAOA miongoni mwa wanaume wa familia moja waliokuwa na hasira kali. Baadaye jeni hiyo ilibandikwa jina la jeni ya mpiganaji. Tangu hapo watafiti wamechunguza jeni za wanamichezo wa masumbwi, judo na mieleka, hasa zile zinazohusika na kemikali za ubongo kama dopamini, wakitafuta chanzo cha ujasiri na uvumilivu wao. Hata hivyo, tabia hujengwa na jeni nyingi mno, na mchango wa kila moja ni mdogo sana. Hakuna kipimo cha damu kinachoweza kumtambua bingwa wa kesho.

Wala hakuna anayeweza kusema ni kiasi gani cha ushupavu wa Wangila alizaliwa nacho na ni kiasi gani alikipata mazoezini. Linalojulikana ni kwamba bondia aliyezoea kusonga mbele si mwamuzi mwema wa hatari inayomkabili. Anapopigwa kichwani, damu yaweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu ilhali yeye angali amesimama na kuzungumza. Ndiyo maana uamuzi wa kusimamisha pigano huachiwa refa na daktari.

Wangila aliiletea Kenya heshima ambayo haijapata mrithi. Kwa vijana wanaovaa glavu leo, maisha yake yanafunza mambo mawili: ujasiri humpandisha bondia ulingoni, lakini ni lazima awepo mwingine wa kumwambia ashuke.