Usuli wa Hurafa: Jomo Kenyatta Ugenini

Kabla hujachambua hurafa ya mtu na ndovu, mfahamu aliyeiandika. Jomo Kenyatta alifika London mwaka wa 1929 kuwasilisha malalamiko ya Wakikuyu kuhusu ardhi. Alirudi huko mwaka wa 1931, akakaa miaka 15. Mwanzoni aliwasaidia wasomi wa chuo kikuu kuchunguza sauti za Kikuyu. Yeye ndiye aliyechunguzwa. Mwaka wa 1935 mambo yaligeuka. Alianza kusomea anthropolojia chini ya Bronisław Malinowski, akawa mtafiti wa jamii yake mwenyewe. Matunda ya utafiti huo ni kitabu *Facing Mount Kenya*, kilichochapishwa mwaka wa 1938.

Hurafa hii imo humo. Ndovu anaomba kuingiza mkonga tu kibandani, kisha anamtoa mwenyewe nje. Tume ya wanyama inampa ndovu haki. Mwishowe mtu anawateketeza wote.

Kumbuka: ndovu ni mkoloni, kibanda ni ardhi. Ukiulizwa umuhimu wa fasihi simulizi, usikomee kwenye kuburudisha. Eleza jinsi mwanafunzi huyu alivyoitumia, akiwa ugenini, kutetea ardhi ya kwao.