Mtoto Amerithi kwa Nani?

Katika nyumba nyingi za Migori na Homa Bay kuna swali linaloondoa amani. Mtoto anapatikana na selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao wengi huuita sikoseli, na mara moja watu wanaulizana umetoka ukoo gani. Kwa kawaida wakwe na mawifi humnyoshea mama kidole. Wengine humshauri mume aoe mke wa pili. Kabla hamjafika huko, hebu tutazame maisha ya mtawa mmoja aliyetumia miaka minane kuhesabu njegere.

Gregor Mendel alizaliwa mwaka 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, ambacho leo kimo nchini Ucheki. Wazazi wake, waliombatiza kwa jina la Johann, walikuwa wakulima. Mwaka 1838 baba yake aliumizwa vibaya na gogo, na karo ikawa shida. Dada yake mdogo, Theresia, alitoa sehemu ya mahari yake ili kaka aendelee na masomo. Msishangae: kwao mahari ilitoka kwa wazazi wa binti na kwenda naye kwenye ndoa, kwa hiyo binti huyo alijipunguzia riziki yake mwenyewe. Mendel hakusahau. Wapwa wake walipokua, aliwasaidia kusoma.

Alijiunga na watawa Waagustino mjini Brno mwaka 1843, akapewa upadre mwaka 1847. Kuwahudumia wagonjwa kulimlemea mno hata akaugua yeye mwenyewe, basi akapelekwa kufundisha shule. Mtihani wa ualimu ulimshinda mara mbili! Lakini katikati, kati ya 1851 na 1853, alisoma Chuo Kikuu cha Vienna, na huko alijifunza fizikia na hesabu.

Mwaka 1856 alianza kupanda njegere katika bustani ya monasteri. Alichukua mmea wa mbegu za mviringo, akaupandishia chavua ya mmea wa mbegu zenye mikunjo. Mbegu zilizopatikana zote zilikuwa za mviringo. Mtu mwingine angesema mzazi mwenye mikunjo hakutoa chochote. Mendel alizipanda mbegu hizo, akaiacha mimea ijizalishe yenyewe, kisha akahesabu: 5,474 za mviringo, 1,850 za mikunjo. Mikunjo ilikuwa imejificha tu, ikarudi kwa mbegu moja katika kila nne hivi. Hadi 1863 alikuwa ameshughulikia mimea kama 28,000.

Maelezo yake yalikuwa haya: kila mmea una chembe mbili za urithi kwa kila sifa, moja ya baba na moja ya mama. Unapozaa hutoa moja tu, na ni ipi itakayotoka ni bahati, kama kurusha sarafu. Mkulima wa Rongo au Oyugis ameona jambo la namna hiyo katika hindi moja lenye punje nyeupe na za manjano: kila punje imepata fungu lake.

Kuna jambo jingine aliloandika ambalo naona lingewafaa sana wazazi. Mmea mmoja ulizaa mbegu 43 za mviringo na 2 tu za mikunjo. Mwingine wa asili ileile ulizaa 14 na 15. Hesabu ya moja kwa nne huonekana katika maelfu; mmea mmoja, au nyumba moja, waweza kwenda mbali nayo.

Alisoma matokeo yake mbele ya wataalamu wa Brno mwaka 1865, yakachapishwa 1866, na karibu hakuna aliyejali. Mwaka 1868 akawa abate, na miaka yake ya mwisho ikaishia katika ugomvi na serikali juu ya kodi. Alifariki tarehe 6 Januari 1884. Wataalamu waligundua thamani ya kazi yake mwaka 1900.

Mwaka 1949 James Neel, huko Marekani, alithibitisha kwamba selimundu hufuata njia ya zile njegere. Mwaka huohuo Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliona kwamba chembe hiyo ni ya kawaida kando ya Ziwa Viktoria na pwani, na ni adimu nyanda za juu. Baadaye alionyesha sababu: mwenye chembe moja hana ugonjwa, tena ana kinga fulani dhidi ya malaria kali.

Basi, mtoto mwenye aina ya selimundu iliyo ya kawaida kwetu amepokea chembe kwa baba na kwa mama pia. Wazazi wote wawili wakiwa nayo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Katika nyumba 100 za namna hiyo zenye watoto wanne, kama 32 hazitapata mgonjwa hata mmoja, na nyingine zitapata wawili au watatu. Mimba ya tano haijui yaliyotokea kwa zile nne. Na huyo mke wa pili naye aweza kuwa na chembe hiyo, hasa huku kwetu ziwani.

Wachumba, pimeni damu wote wawili mapema, kabla ya kupanga harusi. Kipimo cha aina ya himoglobini huonyesha. Waliokwisha oana na wana mtoto anayevimba vidole au kulia kwa maumivu ya mifupa mara kwa mara, mpelekeni hospitali baba na mama pamoja. Akigunduliwa mapema kuna chanjo, dawa za kuzuia maambukizi na malaria, na haidroksiyurea ya kupunguza maumivu hayo.