Banting na Njaa Isiyokwisha

Mwaka huu nimeona heri niwaletee habari za daktari mmoja ambaye wengi wetu humkuta kwa mstari mmoja tu katika somo la Baiolojia, kisha tukageuza ukurasa. Naye ni Frederick Banting wa Kanada.

Banting alizaliwa tarehe 14 Novemba 1891 katika shamba karibu na mji wa Alliston, jimbo la Ontario. Alisomea udaktari, akaenda vitani, na mwaka 1918 akajeruhiwa mkono huko Ufaransa. Aliporudi alifungua kliniki mjini London, si ule wa Uingereza bali wa kwao Ontario. Wagonjwa walikuwa haba mno, ikabidi afundishe chuoni ili apate riziki.

Siku hizo, mtoto akipatwa na kisukari ilikuwa ni kungoja kifo tu. Ajabu ya ugonjwa huo ni njaa. Mgonjwa anakula, anakula tena, na bado anakonda! Kwa nini? Insulini ni homoni itokayo kwenye kongosho, nayo huifungulia sukari mlango wa kuingia katika seli za misuli na mafuta. Ikikosekana, sukari hubaki kwenye damu na kupotea na mkojo, nao mwili hulia njaa ilhali tumbo limejaa. Isitoshe, insulini huupasha ubongo habari kwamba mwili una akiba. Habari hiyo ikikatika, hamu ya kula haina breki. Kwa kukosa dawa, madaktari waliwanyima wagonjwa chakula ili sukari ishuke. Watoto wakabaki mifupa na ngozi.

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Oktoba 1920, baada ya kusoma makala kuhusu kongosho, Banting alipata wazo la namna ya kuipata homoni hiyo. Mwaka 1921 Profesa Macleod wa Chuo Kikuu cha Toronto alimpa maabara, mbwa wa majaribio na msaidizi kijana, Charles Best. Tarehe 11 Januari 1922 dawa yao ilidungwa mvulana wa miaka 14. Wapi! Haikuwa safi, wala haikumfaa. Mwenzao James Collip akaisafisha, mvulana akadungwa tena tarehe 23, na sukari ikashuka kweli kweli. Aliishi miaka 13 zaidi.

Mwaka 1923 Banting na Macleod walipewa Tuzo ya Nobel. Banting alikasirika kuona Best ameachwa, akamgawia nusu ya fedha zake. Haki za uvumbuzi nazo waliziuzia chuo kikuu kwa dola moja moja tu. Banting alifariki Februari 1941, baada ya ndege aliyopanda kuanguka Newfoundland.

Kwa nini nimeandika haya? Bwenini mwetu yuko mwenzetu anayejidunga insulini, na hubeba biskuti mfukoni. Wengine humwita mlafi. Jamani! Aliyejidunga akikawia kula, sukari hushuka mno, njaa humshika ghafla, hutetemeka, jasho humtoka, na aweza kuzirai. Basi tumpishe kwenye foleni ya chakula. Wahenga walisema aliyeshiba hamjui mwenye njaa, lakini sisi tuliosoma habari za Banting hatuna udhuru huo.