Mwalimu Nyerere na Chama cha Wanafunzi wa Makerere

Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alizaliwa mwaka wa 1922 kijijini Butiama, mashariki mwa Ziwa Viktoria. Babake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki, mojawapo ya makabila madogo ya Tanganyika. Mamake, Mgaya, alikuwa mke wa tano wa mtemi huyo. Kambarage alianza shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka wa 1934 akiwa na umri wa miaka 12, na huko akajifunza Kiswahili. Kisha alisomea Tabora kabla ya kujiunga na Chuo cha Makerere, Uganda, mwaka wa 1943.

Huko Makerere, Nyerere alikuwa ugenini. Watanganyika walikuwa wachache chuoni, nao walitoka katika makabila mbalimbali. Asingeweza kutegemea ukoo wala kabila kumpatia jamaa. Kwa hivyo aliungana na wenzake, wakiwemo Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu, wakaunda chama cha ustawi wa Waafrika wa Tanganyika. Baada ya muda walitambua kwamba nyumbani tayari kulikuwa na Tanganyika African Association (TAA), chama kilichoasisiwa mwaka wa 1929. Badala ya kushindana nacho, walikifanya chama chao kuwa tawi lake. Hivyo basi, kundi la kuliwazana ugenini likawa mlango wa kuingilia katika shughuli za taifa zima.

Aidha, Nyerere alishiriki midahalo na shughuli za wanafunzi Wakatoliki. Insha yake kuhusu hali ya wanawake wa Kizanaki, iliyozingatia fikra za John Stuart Mill, ilishinda tuzo. Si ajabu kwamba mwana wa mke wa tano aliliona suala hilo.

Alipokuwa mwalimu Tabora, aliendelea kuitumikia TAA. Alisoma Edinburgh kuanzia mwaka wa 1949 hadi 1952, na mwaka wa 1953 akachaguliwa kuwa rais wa TAA. Tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kilizaa TANU, kilichotumia Kiswahili kuwaunganisha wananchi hadi uhuru ulipopatikana mwaka wa 1961.

Mwaka wa 1963, Nyerere alikuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mwaka huohuo tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar ilichapishwa. Hata hivyo, Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kulitumikia taifa kwa lazima. Nyerere aliwafukuza karibu wanafunzi 400, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wao waliruhusiwa kurudi baadaye.

Adhabu hiyo ilikuwa kali, hasa ikitolewa na mtu ambaye mwenyewe alikomaa kisiasa katika chama cha wanafunzi. Lakini inadhihirisha imani yake: msomi ana deni kwa wakulima waliomsomesha. Umoja wa wanafunzi unaojali maslahi ya wanachama peke yake, kwake yeye, ulikuwa umeishia njiani.

Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Vyama vya wanafunzi vingali vinawapokea wageni kila mwaka. Maisha yake yanavikumbusha kwamba kumpokea mgeni ni mwanzo tu. Linalofuata ni kumwonyesha jamii iliyo nje ya lango la chuo.