Mkono wa Kushoto wa Takács

Juzi hapa Mbagala kijana wa VIWAWA, fundi cherehani, aliniambia ajali ya bodaboda imemharibia mkono wa kulia, kazi basi tena. Sikuwa na jibu. Nikamsimulia Károly Takács, mwanajeshi wa Hungaria, hodari wa kulenga shabaha kwa bastola. Mwaka 1938 bomu la mkono lilimlipukia mkono wa kulia, uleule wa kufyatulia. Alipotoka hospitali akajifunza kwa kushoto, kimyakimya. 1939 akawa bingwa wa nchi. Halafu vita ikafuta Olimpiki mbili, 1940 na 1944! Mimi hapo ningeacha, kusema kweli. Yeye akasubiri. London 1948, ana miaka 38, akachukua dhahabu. Helsinki 1952, tena. Kijana akauliza kujifunza kulimchukua muda gani. Mwaka hivi, nikamwambia.