James Chuma, Rafiki wa Safari

Atokaye Kibiti akaifuata barabara ya Mloka, akiiacha nyuma mikoko ambamo mto Rufiji hujigawa matawi kabla ya kuingia baharini, hufika mwishowe Behobeho, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Wageni huonyeshwa huko kaburi la Selous, mwindaji Mwingereza aliyeuawa vitani tarehe 4 Januari 1917. Sisi twapenda kumkumbuka mwingine, aliyepita hapo karibu miaka arobaini kabla yake: James Chuma, mkuu wa msafara.

Chuma alikuwa Myao. Angali mtoto aliuzwa utumwani, na mwaka 1861, katika nchi ya mto Shire, Livingstone na Askofu Mackenzie waliukuta msafara wa watumwa alimokuwamo, wakawafungua wote. Livingstone alimchukua hata Bombay, akamtia shuleni. Naye alibatizwa huko mwaka 1865. Hakuwa wa Kanisa letu, lakini ubatizo ni mmoja, wala hatuoni haya kumsifu.

Mwaka 1866 alirudi Afrika pamoja na bwana wake. Wengi husimulia uaminifu wake kana kwamba haukupata ufa hata siku moja, na hapo ndipo wanapokosea. Mwaka 1868 Livingstone alipotaka kwenda ziwa Bangweulu, Chuma na Susi, mwenzake, walikataa kumfuata. Walikuwa wamechoka, tena walitaka kwenda Ujiji. Mzee akaenda na watu wachache tu. Aliporudi, mwaka ule ule, waliomba kupokelewa, naye akawapokea, akikiri kwamba yeye pia ana makosa yake. Kwa maoni yetu urafiki wao ulipata mizizi siku ile ya kusameheana, kuliko siku ile ya kukatwa kamba za utumwa.

Livingstone alipofariki katika kijiji cha Chitambo, mwezi wa Mei 1873, rafiki zake walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa nguo na magome ya mti. Kisha wakauchukua kwa miguu muda wa miezi tisa. Katika nchi ya Tabora afisa Mwingereza, Cameron, aliwashauri wamzike pale pale. Walikataa. Februari 1874 walifika Bagamoyo, na maiti ikalazwa kwa Mapadre wa Roho Mtakatifu kabla ya kuvushwa Unguja.

Na malipo yao? Walipewa mshahara, wakaambiwa kwaheri. Meli ilimpeleka Jacob Wainwright peke yake pamoja na jeneza, na mazishi ya London ya tarehe 18 Aprili yalifanyika bila Chuma wala Susi. Baadaye tu, James Young, rafiki wa marehemu, aliwagharimia safari ya Uingereza.

Sasa twarudi Rufiji. Mwezi wa Mei 1879 Chuma alitoka Dar es Salaam akiongoza wapagazi wa Keith Johnston, mjuzi wa ramani. Johnston alishikwa na tumbo la kuhara damu, akachukuliwa kwa machela hata Behobeho, akafa tarehe 28 Juni. Aliyebaki ni Joseph Thomson, kijana wa miaka 21, ambaye hakuwa amepata kuongoza msafara. Kwa mara ya pili Chuma alisimama kando ya Mzungu aliyekufa mbali na pwani. Marehemu huyu hakuwa baba kwake. Walijuana miezi michache tu, wala hakuna ambaye angeshangaa kama wapagazi wangetupa mizigo na kurudi kwao. Lakini Chuma alikuwa ameahidi safari. Kijana akaamua kuendelea, Chuma akawashika watu, wakafika Nyasa na Tanganyika, na Julai 1880 wakarudi pwani.

Chuma alifariki Unguja mwaka 1882 kwa kifua kikuu, katika hospitali ya misioni ya Waanglikana, umri wake wapata miaka thelathini na kitu. Susi, aliyekuwa Mwislamu katika safari zile zote, alibatizwa mwaka 1886. Jina lake la ubatizo lilikuwa David.